Maharagi ndani ya bidoni hapa Goma: samadi kwa ndoo, mbolea ya dukani kwa ncha ya kijiko

Sehemu kubwa ya mji wa Goma imekaa juu ya jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunika nyumba na mashamba ya upande wa Buhene kabla ya kusimama karibu kabisa na mitaa ya kaskazini, kwa hiyo ziko parseli (viwanja) nyingi ambazo mwenyewe hapati hata sentimita kumi za udongo wa kuingiza jembe. Anayetaka kulima katika parseli ya namna hiyo hana budi kulima ndani ya vyombo: bidoni (dumu) ya lita 20 iliyokatwa juu, ndoo iliyopasuka ukingo, gunia, beseni la zamani. Maharagi huzoea vyombo hivyo vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ila swali moja hurudi kila ninapozungumza na majirani wanaoanza: tuweke samadi, au tununue mbolea ya kiwandani? Jibu langu ni kwamba zote mbili zina nafasi yake, lakini kazi zake si moja na vipimo vyake havikaribiani hata kidogo. Samadi hupimwa kwa ndoo. Mbolea ya kiwandani, kwa chombo cha lita 20, hupimwa kwa ncha ya kijiko.

Tuanze na kile kinachojaza chombo, kwa sababu hapo ndipo mavuno yanapoamuliwa. Mwamba unaotoka Nyiragongo una potasiamu na kalsiamu nyingi, na fosforasi imo pia, ndiyo maana mashamba ya Rutshuru, kaskazini mwa Goma, yaliyo juu ya majivu na lava kongwe yanasifiwa kwa rutuba. Lakini rutuba ile imejengwa na majani, mizizi na viumbe vya udongoni kwa karne nyingi. Mchanga mweusi na kokoto za lava changa tunazozoa karibu na nyumba hazina naitrojeni, hazina mboji, na maji hupita ndani yake bila kukaa. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mweusi wa shambani, ule unaouzwa kwa gunia, sehemu moja ya samadi iliyoiva, na sehemu moja ya kokoto laini za lava zilizochekechwa. Kokoto hizo si za kujazia nafasi tu: udongo mtupu unaomwagiliwa kila mara ndani ya chombo hugandamana, hewa ikakosekana kwenye mizizi, na mharagi usiopata hewa mizizini huoza au hudumaa hata ukilishwa mbolea ya aina gani. Chini ya chombo toboa matundu matano au sita yenye upana wa kidole kidogo, na uhakikishe kina cha udongo kinafika sentimita 25 kwa maharagi mafupi, na zaidi ya 30 kwa yale marefu yanayopanda kwenye vijiti.

Samadi nazo hutofautiana sana, na inafaa kuzijua moja moja. Ya ng'ombe ndiyo ya upole zaidi, kwa kuwa ikikauka huwa na naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 hivi, na hata mkono ukizidi kidogo mimea haidhuriki. Ya kuku hufika asilimia 3 au 4 na ina fosforasi nyingi, kwa hiyo ile robo tunayoweka ya ng'ombe ingeunguza miche. Ya kuku isizidi sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko, tena ikiwa imeiva. Ya mbuzi, sungura na simbilisi iko katikati, na kwa mtu wa mjini ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, kwani sungura au simbilisi hufugika kwenye kona ya parseli ile ile yenye vyombo vya maharagi, wakala majani yaliyochujwa na kurudisha mbolea papo hapo.

Iliyoiva nasema kwa kusisitiza. Samadi mbichi hutoa amonia inayochoma mizizi michanga, hubeba mbegu za magugu, na hubeba vijidudu vya kuhara, jambo zito sana katika mji ambao kipindupindu kimerudi mara nyingi na ambao watu huchuma mushogoro, yaani majani machanga ya maharagi, kwa ajili ya chakula. Irundike mahali penye kivuli, inyunyizie maji hadi iwe na unyevu usiochuruzika, ifunike, na uigeuze kila baada ya wiki mbili. Rundo lililopangwa vizuri hupata joto linalopita nyuzi 55 katikati yake, na joto hilo likidumu siku kadhaa, huku pande za nje zikigeuzwa kuja ndani, huua vijidudu vingi na mbegu nyingi za magugu. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona imekuwa nyeusi, inavunjikavunjika mkononi, haina tena harufu ya mkojo na haina joto ndani. Hapo ndipo iingie kwenye bidoni.

Asiye na mifugo atumie maganda ya ndizi, ya viazi na ya mihogo, mabaki ya mboga, na majani ya titonia, ile mimea yenye maua ya manjano yanayofanana na ya alizeti, inayoota yenyewe kando ya barabara na kwenye nyua kote Kivu. Majani makavu ya titonia yana takribani asilimia 3.5 ya naitrojeni na karibu asilimia 4 ya potasiamu, kiasi ambacho samadi nyingi za ng'ombe hazikifikii, nayo huoza upesi kama yamekatwa machanga kabla ya shina kuwa gumu. Inanisikitisha kuona watu wakiyafyeka na kuyatupa wakati huo huo wakilalamika kwamba mbolea ni ghali.

Sasa tuje kwenye jambo linaloufanya mharagi uwe tofauti na mahindi au kabichi. Mizizi yake hukaribisha bakteria wa jamii ya rizobiamu, ambao hujenga vinundu vidogo na humo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mharagi hauifanyi kazi hii kwa nguvu kama soya au kunde, lakini huifanya, na kwa chombo chenye samadi ya kutosha inatosha. Kuna sharti moja ambalo wakulima wa vyombo hulisahau: bakteria hao lazima wawemo. Shamba lililolimwa maharagi miaka nenda miaka rudi limejaa rizobiamu. Kokoto za lava na udongo uliochimbwa chini kwenye msingi wa nyumba hazina. Kwa hiyo omba konzi moja ya udongo kutoka mahali palipokuwa na maharagi yenye afya, uichanganye katika kila chombo kipya kabla ya kupanda. Wakati wa kuchanua maua, ng'oa mche mmoja taratibu na ukate kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi; kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hawafanyi, au wamekoma.

Mbolea ya kiwandani inaingia hapa, na kwa maharagi hitaji lake la kwanza ni fosforasi. Mche mchanga una mizizi mifupi, fosforasi haisafiri katika udongo kama naitrojeni inavyosafiri na maji, na vinundu vyenyewe haviwezi kujengwa wala kufanya kazi bila fosforasi. Udongo wa volkano una tabia ya kuishikilia fosforasi kiasi kwamba mizizi haiipati kwa urahisi, na samadi ya ng'ombe haina nyingi. Ndiyo sababu kiasi kidogo cha DAP, ambayo gunia lake huandikwa 18-46-0 (yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi ikipimwa kama fosfati, na potasiamu, kwa mfuatano huo), kikiwekwa siku ya kupanda huonekana baada ya wiki tatu tu: miche hiyo ni mirefu zaidi, majani yake ni mapana, na huchanua mapema kidogo kuliko ile ya chombo cha jirani yake kilichokosa.

Lakini kidogo ni kiasi gani? Tufanye hesabu, maana hapa ndipo maharagi mengi ya mjini yanapokufa. Kipimo cha shambani kinachotajwa mara nyingi katika eneo letu ni kilo 100 za DAP kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000, na tukihesabu udongo wa kina cha sentimita 20, tunapata lita milioni 2 za udongo. Gramu 100,000 zikigawanywa kwa lita milioni 2 zinatoa gramu 0.05 kwa lita, yaani gramu 1 tu kwa bidoni ya lita 20. Kwa kuwa shambani mbolea huwekwa karibu na mistari ya mbegu na si kutawanywa kote, nakubali kufika gramu 2 kwa bidoni, lakini si zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 5, kwa hiyo tunazungumzia chini ya nusu ya kijiko kwa chombo kizima chenye miche minne. Konzi moja, ambayo ndiyo kipimo cha watu wengi, hufika gramu 40 au zaidi, na hiyo ni mara ishirini. Mbolea ya kiwandani ni chumvi. Ikizidi kwenye nafasi ndogo huyavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaacha yaingie, na mmea hukauka huku udongo ukiwa umelowa. Dalili ya kwanza ni kingo za majani kugeuka kahawia kana kwamba zimepitishwa kwenye moto.

Ukipata 17-17-17 badala ya DAP, weka hadi gramu 3, ukijua kwamba unalipia potasiamu ambayo udongo wetu kwa kawaida unayo. Aina yoyote utakayotumia, isiguse mbegu. Chimba mfereji mdogo wenye kina cha sentimita 8 hivi, nyunyiza mbolea chini, ifunike kwa udongo, kisha panda mbegu pembeni kidogo kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. DAP hutoa amonia inapoyeyuka, na mbegu iliyolala juu yake moja kwa moja huoza kabla ya kuota.

Urea siipendekezi kabisa kwa maharagi ya vyombo. Ina asilimia 46 ya naitrojeni na haina kingine, na mharagi unaolishwa naitrojeni nyingi huacha kujenga vinundu, kwa kuwa hauna sababu tena ya kuwalipa bakteria. Huota majani mazito ya kijani kilichokoza, huchelewa kuchanua, huzaa maganda machache, na majani yale laini huwavutia vidukari. Mtu akipita hulisifia shamba kama hilo. Mwenyewe ndiye anayejua alichovuna. Uangalifu unahitajika hasa kwa anayenunua mbolea iliyopimwa kwa kilo katika mfuko wa plastiki usio na maandishi: urea kwa kawaida ni punje nyeupe, huyeyuka upesi, na maji yake hupoa ukiyashika, wakati punje za DAP mara nyingi ni za kijivu au kahawia na huyeyuka polepole. Kama muuzaji hawezi kueleza namba tatu za gunia alikoitoa, ni afadhali kubaki na samadi.

Kuhusu majivu ya mbabula, yaani jiko la makala (makaa), nitasema jambo ambalo najua halitawafurahisha wengi. Majivu ya makala yana potasiamu na kalsiamu, hayana naitrojeni, na hupunguza asidi ya udongo. Kwa ndugu zetu wa Kabare na Walungu, huko Kivu ya Kusini, ambako udongo mwekundu una asidi kali, hayo ni msaada mkubwa. Kwa udongo wa lava wa Goma, ambao kwa kawaida una potasiamu na kalsiamu na hauna asidi nyingi, kijiko kimoja cha chakula kwa bidoni kwa msimu kinatosha, na mara nyingi hata hicho hakihitajiki. Yasichanganywe kamwe na DAP, urea au samadi mbichi, kwa sababu majivu huigeuza naitrojeni yake kuwa amonia inayopotea hewani, na harufu kali utakayosikia ni pesa yako inayoondoka.

Tahadhari hiyo inakuwa nzito zaidi kwa sababu ya maji tunayomwagilia. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo ndiyo yanayosukumwa kwenye mabomba ya mji na ndiyo yanayochotwa ufukweni kwa bidoni, yana karibu gramu 1 ya chumvi katika kila lita, nyingi ikiwa bikaboneti, na pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) iko karibu na 9. Maharagi ni miongoni mwa mazao yanayostahimili chumvi kidogo sana. Shambani mvua huiosha chumvi hiyo ikashuka chini. Ndani ya chombo kilichowekwa chini ya paa, maji huondoka kwa njia ya majani na chumvi ikabaki, wiki baada ya wiki, juu ya ile ya mbolea. Utaiona kama ukoko mweupe kwenye ukingo wa bidoni. Na kwa kuwa maji hayo hupandisha pH, chuma na zinki hujifunga katika udongo: majani mapya hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na mkulima asiyejua hudhani ni njaa ya naitrojeni, akaongeza mbolea, akaongeza chumvi.

Njia iliyo bora ni kukinga maji ya mvua, au kuyachanganya nusu kwa nusu na ya ziwa wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza baada ya siku kavu iachwe iioshe paa, hasa siku ambazo moshi wa volkano unaelekea mjini, maana mvua inayopita katika moshi huo hushuka na asidi na floridi, na matone yake huacha madoa yaliyoungua kwenye majani ya maharagi. Kama huna mvua, basi mara moja kila baada ya wiki chache mwagilia chombo kwa wingi hadi maji yatoke kwa nguvu chini ya matundu, ili yachukue chumvi iliyolundikana. Utapoteza naitrojeni kiasi kwa kufanya hivyo, na hasara hiyo inafidiwa kwa urahisi kwa maji ya samadi: samadi iliyoiva sehemu moja kwa maji sehemu kumi, ikae siku mbili au tatu, ichujwe, kisha kila chombo kipewe kikombe kimoja au viwili, kwenye udongo na si juu ya majani. Mimi huyatoa mara mbili katika msimu, mara ya kwanza miche inapokuwa na majani matatu kamili na mara ya pili maua yanapoanza, na baada ya hapo siongezi kitu.

Ni haki pia kusema wazi chombo kinatoa nini. Mche mmoja wa maharagi mafupi, katika siku 80 au 90 za hali ya hewa yetu, hutoa gramu 10 hivi za maharagi makavu, na ukitunzwa vizuri sana labda mara mbili yake. Bidoni yenye miche minne ni gramu 40, hivyo kilo moja inataka bidoni 25. Hakuna familia itakayoshiba maharagi makavu ya vyombo, na barabara ya Masisi au ya Rutshuru inapokatika, na bei sokoni Virunga na Kituku ikapanda, bidoni zilizo uani haziwezi kuziba pengo hilo. Faida yake iko kwenye kinachochumwa kibichi: mushogoro kwa kiasi, majani mawili matatu kwa kila mche kabla ya maua, maganda machanga, na maharagi mabichi ya kupua, ambayo hujaa sufuria upesi kuliko makavu na ambayo sokoni yana msimu mfupi. Kwa shabaha hiyo, maharagi marefu ndiyo yenye faida kubwa zaidi, miche miwili kwa bidoni yenye kijiti cha mita mbili, kwa sababu huendelea kuzaa kwa wiki nyingi na hutumia nafasi ya juu ambayo kwenye parseli finyu hakuna anayeigombania. Hayo marefu ndiyo pekee ninayoyapa samadi zaidi ya robo ya chombo, maana hukaa udongoni hadi miezi minne.

Mavuno yakiisha, usiing'oe mizizi. Kata shina usawa wa udongo, acha mizizi na vinundu vyake vioze humo humo, rudisha mabua kwenye rundo la mboji, na ongeza ndoo ndogo ya samadi iliyoiva kujazia pale udongo ulipodidimia. Msimu unaofuata panda lengalenga katika chombo hicho, itumie naitrojeni iliyobaki na kuuvunja mzunguko wa magonjwa ya kuoza mizizi, ndipo urudishe maharagi. Kwa lengalenga hiyo DAP haihitajiki.